Dawa Iliyovishwa Nguo

Habari za Akurut zimeshasemwa sana hapa sokoni, na wengi wanaozisema hawakuwapo. Mimi nilikuwapo. Nimekaa naye ubavuni miaka kumi na tisa katika soko la Busia, upande wa Uganda. Jina langu Benedeta, lakini sokoni naitwa Mama Bwire, nauza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani. Yeye aliuza majani na mizizi. Wateja wake walilalamikia harufu ya samaki wangu, wangu walilalamika kwamba unga wa mizizi yake unawapigisha chafya, na sisi tuliwacheka wote wakishatupa mgongo.

Akurut ni Mteso wa Molo, kule Tororo. Malaba ndiko karibu na kwake, lakini hakukubali kuuza huko hata siku moja. "Malaba wananijua tangu mtoto," aliniambia. "Nani nanunua dawa kwa mtu ile aliona na kamasi?" Basi akawa anafunga safari mpaka Busia, siku mbili kwa wiki, na wanawake wa Kenya wakawa wanavuka mpaka kumfuata. Alitibu migongo, matumbo, homa za watoto, na zaidi ya yote wanawake waliotafuta mimba. Kila shida iliyoletwa mbele yake alikuwa na jibu lake. Wakati mwingine jibu lilikuwa la uongo, nami nililijua, lakini lilitoka kinywani mwake bila kusitasita.

Sasa kuna jambo moja la kazi yao ambalo lazima nilieleze, maana bila hilo hakuna hadithi. Wauza majani wa kwetu hawauzi jani la dawa peke yake. Ukiliuza peke yake, mteja mjanja atalipeleka kwa bibi yake, bibi atalinusa, alitambue, na wiki ijayo utamkuta amekaa mbele yako anauza dawa yako. Kwa hiyo jani la kweli linachanganywa na mengine yasiyo na kazi, yanakaushwa pamoja, yanapondwa pamoja. Akurut aliita kuivisha dawa nguo. Nguo hizo alizichuma njiani tu, kati ya shamba lake na barabara, chochote ambacho mkono ulifikia. Hakuna aliyejali ni majani gani, wala yeye mwenyewe.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Akiror, fundi cherehani mjini Tororo. Ana miaka thelathini na minne. Akiror aliolewa na Etyang, kijana mpole wa kiwanda cha simenti, wakakaa miaka sita bila mtoto. Mimba mbili ziliingia, zote mbili zikatoka. Mnaweza kufikiri wanawake wa sokoni walisema nini. Mama anagawa mimba hadi Kenya, na binti yake mwenyewe hana! Niliwatukana wawili watatu kwa ajili hiyo, na sijutii. Akurut alijifanya hasikii. Lakini mtoto mchanga akipita mgongoni mwa mtu, macho yake yalimfuata mpaka mwisho wa safu ya vibanda, na mimi nilikuwa naona.

Mwaka juzi mwezi wa tisa alikuja msichana mmoja, Kate, mzaliwa wa Paya, anayesomea udaktari wa utafiti katika chuo kikuu. Si daktari wa kudunga sindano, ni wa maabara. Hakujua Kiteso, Akurut hakujua Kidhopadhola cha Paya, wakakutana kwenye Kiswahili chetu hiki cha mpakani. Kate alitaka jani ambalo wanawake hupewa kwa magonjwa ya tumbo la uzazi. Akurut alimzungusha mwezi mzima. Mwishowe akakubali, nadhani kwa sababu msichana alimpigia goti na kumwita mama, na kwa sababu hakuna mtu wa chuo aliyewahi kumwandika jina kwenye karatasi.

Akampeleka Molo, akamwonyesha mti. Jina la mti huo sitalitaja, maana hata mimi sijaambiwa. Kate akakata tawi lenye maua, akalibana kwenye magazeti akawaonyeshe wataalamu wa mimea. Majani yenyewe alihitaji gunia zima, na mvua ilikuwa inakuja, basi akasema, "Mama, utanichumia na kunikaushia, nitarudi Jumamosi." Hapo ndipo palipoharibika. Akurut alipobaki peke yake na lile gunia, moyo ulimrudi nyuma. Mti nimemwonyesha, akajiambia, sasa na nguvu yake yote nimpe? Mkono ukafanya ulivyozoea. Gunia likavishwa nguo, theluthi moja au zaidi.

Kate hakujua. Alichukua gunia lake akaenda.

Kile alichokifanya huko, alikuja kutueleza mwezi wa tatu, amekaa juu ya ndoo yangu ya mukene na sketi yake safi. Aliyachemsha majani kama chai, akayachuja. Halafu akachanganya maji yale na maji mengine yenye chumvi ya madini ya fedha, fedha hii hii ya pete. Akayaacha. Maji yaliyokuwa na rangi ya manjano hafifu yakageuka hudhurungi. Maana yake, alisema, utomvu wa majani umeivuta ile fedha ikajikusanya kuwa chembe, kisha ukazifunika chembe zenyewe. Chembe ndogo kiasi gani? Ukizipanga elfu moja kwa mstari, hazifiki unene wa unywele mmoja. Nilimwambia aache mchezo. Akacheka, akasema ndivyo zilivyo, na kwa udogo huo zinaweza kuingia ndani ya chembe hai ya mwili.

"Nikaziweka kwenye sahani," alisema, "sahani ndogo za maabara ambamo tunakuza seli za saratani ya mlango wa kizazi. Mama, nyingi zilikufa. Nyingi sana."

"Zilikufa," akasema Akurut.

"Kwenye sahani. Sahani si mtu, Mama. Bado panya, bado mambo mengi, miaka mingi. Na lazima nirudie, nipate jibu lile lile mara ya pili na ya tatu. Nitahitaji gunia jingine."

"Lakini zilikufa."

Akurut hakusikia kingine siku hiyo. Nilimwona amenyooka mgongo, anawajibu wateja kwa sauti ya mwalimu mkuu. Nilimtania kwamba sasa ataanza kutudai heshima. Alipofunga virago vyake alinong'ona, "Mama Bwire, ile gunia niliweka nguo." Kisha akasema si kitu, nguo ni majani tu, dawa ni dawa. Nami nikakubali. Ningejuaje?

Mwezi uliofuata Akiror akaenda kituo cha afya. Alikuwa akitokwa damu siku zisizo zake, na kila alipolala na mumewe. Muuguzi alimpaka siki kule ndani, akaona sehemu imegeuka nyeupe, akampeleka kwa wakubwa wake, wakakata kipande kidogo, wakakipima. Saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili. Wakamwandikia barua ya kwenda Kampala kwa mionzi, wakamwambia asichelewe. Wakamwambia pia, na hilo ndilo lililomvunja, kwamba mionzi ikishapita hapo hatabeba mimba tena.

Hakwenda. Barua aliitia kwenye droo ya cherehani.

"Niende nichomwe nifungwe kizazi," aliniambia nilipomtembelea, "na dawa ya mama yangu imeua ugonjwa huu huu kule maabara? Mama Bwire, wewe ulimsikia Kate kwa masikio yako."

Nilimsikia kweli. Nilimtajia maneno ya Kate kuhusu sahani na panya, lakini nilisema kwa kigugumizi, maana hata mimi nilitaka mtoto wao azaliwe siku moja. Sote tulimtaka. Etyang alikuwa ameshatengeneza kitanda kidogo cha mbao, kilikaa nyuma ya mlango na vitambaa juu yake.

Akurut akaanza kumchemshia. Safari hii hakuweka nguo, jani la kweli peke yake, la kwanza la asubuhi, chupa mbili kwa siku. Alimwomba Kate amletee maji yale ya fedha. Kate alikataa kabisa. Alimpigia Akiror simu mara nyingi amsihi aende Kampala, na Akiror alimjibu kwa adabu akaendelea kunywa. Na Kate alipokuja mwezi wa tano kuchukua gunia la pili, Akurut alimpa jani safi. Sikumbuki kumwona akifanya kazi kwa uangalifu vile. Alichambua jani moja moja, akatupa lenye doa, akatupa hata vijiti. Ni kwa ajili ya mtoto wake, basi kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara aliuza dawa uchi.

Mwanzo wa mwezi wa saba simu ikalia akiwa kibandani. Aliweka sauti kubwa ili nami nisikie, alivyokuwa na hamu.

"Mama, haijafanya kazi," alisema Kate. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Rangi imegeuka kidogo tu. Na seli ziko hai, zinakula, zinaongezeka. Nimerudia mara tatu. Labda ni msimu, labda udongo. Mama, kuna kitu ulifanya tofauti na mara ya kwanza?"

"Hapana," akasema Akurut. "Hakuna."

Akakata simu. Tulitazamana. Sote wawili tulijua.

Jani lake halikuwa na kitu. Au lilikuwa na kitu, lakini si hicho. Kilichoua ule ugonjwa kilikuwa ile nguo, majani ya njiani, ama moja kati yake, ama mchanganyiko wake. Naye hakukumbuka alichuma nini. Angekumbuka vipi? Ni kama uniulize nilifagia kwa ufagio upi mwezi wa kumi mwaka juzi.

Akaanza kutafuta. Kila alfajiri alikuwa kwenye ile njia, anachuma kushoto na kulia, ananusa, anatafuna, anatema. Ulimi wake ulivimba. Sehemu moja ya njia jirani alikuwa amekata vichaka vyote akapanda mihogo, na Akurut alisimama mbele ya ile mihogo akalia kwa sauti, watu wakadhani amefiwa. Sokoni alikuja na mifuko ya majani mabichi, ananiuliza mimi, muuza samaki, "Hii ulishaona kwangu? Hii je?" Na jioni alipitia Tororo na zile chupa mbili, anampa mtoto wake maji ambayo sasa alijua si dawa, anasimama kumtazama mpaka anamaliza.

Nilikasirika naye, na nilijikasirikia mwenyewe zaidi. Wiki ya kwanza nilinyamaza. Ya pili nikanyamaza. Nilijiambia si mtoto wangu, si kazi yangu. Wiki ya saba nilimwona Akiror barabarani Tororo, anatembea ameshika nyonga, gauni limemlegea mabegani. Nilirudi Busia siku ya soko, sikupanga hata samaki.

"Mama Akiror, utamwambia leo."

"Bado kidogo. Napata tu."

"Hupati. Na hata ukipata, Kate amesema nini? Miaka! Huyu ana miaka ya kungoja?"

"Nikisema sijui, ataamini nani?"

"Atamwamini daktari wa Kampala. Simama twende."

Alisimama. Sijui angesimama siku nyingine.

Tulimkuta Akiror kwenye cherehani, anashona sare za shule, muhula wa tatu ulikuwa unakaribia. Alitukaribisha, akataka kuinuka atupikie chai, mama yake akamzuia. Waliongea Kiteso, na kwa miaka hii yote nakielewa vya kutosha.

"Akiror, lile jani," alisema Akurut. "Mimi sijui."

Miaka kumi na tisa sikuwahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Lilitoka dogo sana.

"Hujui nini, Toto?" Toto ndiyo mama kwa Kiteso.

"Lililoua ugonjwa kwenye sahani. Sijui ni jani gani. Gunia la kwanza nililivisha. La pili nilitoa la kweli, Kate amelijaribu mara tatu, halikuua chochote. Hilo unalokunywa ndilo hilo."

Mashine ikasimama. Akiror aliondoa mguu kwenye pedali taratibu.

"Tangu lini unajua?"

"Mwanzo wa mwezi wa saba."

Akahesabu kwa vidole, mbele yetu, kama watoto wanavyohesabu. "Wiki saba," alisema. "Wiki saba unaniletea chupa, unasimama hapo, unanitazama ninavyokunywa."

"Nilikuwa natafuta. Kila siku nilisema leo nitalipata."

"Kwa nini hukusema?"

Akurut alifunika uso kwa leso. "Nilitaka uzae. Nilimtaka huyo mtoto, Akiror. Nilimtaka mpaka nikamsahau wangu."

Nilitoka nje nikasimama mlangoni, machozi yananitoka bila aibu. Ndani nilisikia droo ikifunguliwa. Akiror aliitoa ile barua, akainyoosha juu ya sare za watu. Kisha akasema maneno ambayo Akurut angependa asingeyasikia.

"Unajua kwa nini sikwenda? Si kwa sababu ya sahani za Kate. Mimi sikuzielewa hizo sahani. Sikwenda kwa sababu ilikuwa dawa yako. Sasa nakwenda na Etyang. Usinisindikize, Toto. Na usinipigie."

Walisafiri keshokutwa yake. Madaktari walimpima upya, wakamkuta ugonjwa umesogea, umefika hatua ya tatu. Walisema mionzi bado itafanyika, na dawa ya kudunga pamoja nayo, na kwamba matumaini yapo ila yamepungua tangu mwezi wa nne. Haya tuliyapata kwa Etyang, aliyekuwa akinitumia ujumbe mfupi kila Jumapili. Simu za mama yake Akiror hazikupokelewa.

Akurut alimpigia Kate akamwambia yote. Nilitegemea msichana atamtukana. Alikuja mwenyewe, akasema kosa ni lake, angechuma kwa mkono wake, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyoacha kufanya kwa kuogopa mvua. Wakaenda Molo pamoja. Walichuma aina ishirini na tatu za majani kwenye ile njia, kila moja kwenye bahasha yake, na Akurut akataja jina la kila moja, hata yale aliyorithishwa na mamake kwa siri. Kate alimwambia asitegemee. Inaweza kuwa moja kati ya hayo, inaweza kuwa mawili yakikutana, inaweza kuwa lile lililong'olewa likapandwa mihogo. Na hata likipatikana, litakuwa limepatikana kwenye sahani.

"Itasaidia mtoto ya mtu mwingine," Akurut aliniambia, "siku ingine." Hakusema kwa uchungu. Alisema tu, akatazama barabara ya Kampala.

Ndivyo alivyokaa miezi ile. Alikuja sokoni, akapanga vitu vyake, lakini kila gari lililotoka magharibi lilimgeuza shingo. Simu aliiweka mapajani, akaifuta vumbi, akaiweka tena. Mteja akimwuliza dawa ya ugumba alijibu, "Enda hospitali kwanza, wakupake siki." Wengine walikasirika, wakahamia kwa wauzaji wa safu ya pili. Alimkosa mtoto wake mpaka akapungua mwili, na hakuna nilichoweza kumpa isipokuwa kukaa pale pale nilipokuwa nimekaa siku zote.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya soko, saa nne asubuhi, simu yangu ikalia. Namba ya Etyang. Nikapokea nikiwa na magamba mkononi.

"Mama Bwire." Ilikuwa sauti ya Akiror, nyembamba. "Toto yuko hapo?"

"Yuko. Ngoja nimpe."

"Usimpe. Mwambie aje."

"Mwanangu, unaendeleaje? Wamesema nini?"

"Nimemaliza mionzi. Watapima baada ya miezi mitatu, sasa hawajui, na mimi sijui." Akapumua. "Mwambie aje, Mama Bwire. Lakini asilete majani. Hata moja."

Nilimwambia neno kwa neno. Alinisikiliza, akaniomba nirudie, nikarudia. Kisha akaanza kuokota vitu vyake, akavirudisha, akavipanga upya, mikono haijui iende wapi. Nikamshika viganja nikamwambia mimi nitavitunza, basi la Kampala la saa tano linajaza abiria, aondoke kama alivyo. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi. Alipanda na leso yake na chupa ya maji ya kunywa, akapata kiti cha dirishani, akalisukuma dirisha likafunguka.

"Mama Bwire," aliniita. "Sasa nikifika, bila dawa, mimi nafanya nini?"

"Unakaa naye."

"Nakaa tu?"

"Unakaa tu," nikamwambia, na dereva akawasha injini.